Mwani Mlimani: Safari Yetu ya Lwakhakha



Mto Lwakhakha huteremka kutoka Mlima Elgon, hupita kati ya Kenya na Uganda, na kuugawa mji mmoja ukawa miwili yenye jina lile lile. Ukisimama darajani, upande mmoja ni Kaunti ya Bungoma na upande wa pili ni Wilaya ya Namisindwa. Maji yake huungana na Mto Malaba, huingia Mpologoma, hufika Ziwa Kyoga, na kutoka hapo hujiunga na Nile hadi Misri. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba kila kitokacho bara hatimaye hutushukia sisi, na kwa Mto Sabaki dhana hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa maji machafu ya Nairobi huingia Athi na kutokea Malindi. Lakini takataka inayotupwa mtoni Lwakhakha haiji kwetu abadan. Bahari yake ni Mediterania.

Msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, mwani umeingiaje huku, mahali palipo mbali na bahari namna hii? Umeingia kwa njia ya mifuko, na kwa njia ya fedha za kina mama, na yote mawili yataka maelezo.

Wengi wetu tumeukanyaga mwani tangu utotoni bila kuuhesabu kuwa ni mali. Kule Zanzibar, kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, baada ya miaka mingi ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Upande wetu wa Kenya, mashamba yalishika mizizi Kibuyuni, karibu na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, yakaenea hadi Mkwiro na vijiji jirani. Kote huko walimaji wengi ni wanawake. Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, mama hushuka ufuoni na vigingi na kamba, hufunga vipande vya mbegu kimoja kimoja, na baada ya wiki 6 hivi huvuna. Mavuno huanikwa kwenye vichanja. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hunyauka zikawa kilo 1 kavu, na kilo hiyo humpatia mkulima makumi machache tu ya shilingi.

Kisha gunia hushonwa, huondoka, na hapo sisi tunaachana nalo. Viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia huuchemsha mwani huo na kutoa ute mzito uitwao karagenani, unaogandisha aiskrimu, unaoshikanisha dawa ya meno, na unaoingia katika vyakula vingi ambavyo baadaye tunavinunua dukani kwa bei ambayo si ya makumi ya shilingi. Isitoshe, bahari yenyewe inapata joto. Mwani mnene, ambao ndio wenye bei nzuri, huugua na kufa katika maji ya kina kifupi, na wanawake wengi wamebakia na mwani mwembamba. Dakta Flower Msuya wa Zanzibar amefanya kazi ya miaka mingi kuwasaidia wakulima kulima katika maji ya kina zaidi kwa kutumia nyavu za mrija, na kuwafundisha kutengeneza sabuni, ili bidhaa iondoke kijijini ikiwa imeongezwa thamani. Huko maji ya kina kunataka mashua na kunataka kujua kuogelea, na si kila mama wa kwetu amefundishwa kuogelea.

Kikundi chetu cha akiba kina wanachama wanaolima mwani na wengine wanaouza vitafunio. Mwaka huu lilizuka pendekezo zito: tutoe sehemu kubwa ya akiba, tununue mitambo midogo, tutengeneze mifuko ya mwani ya kuuza bara. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Serikali imekataza mifuko ya plastiki. Watu wa bara wanabeba bidhaa kila siku. Sisi tuna mali ghafi mlangoni. Binti yetu mmoja, aliyeolewa katika familia ya Kiislamu ya Kibukusu karibu na Lwakhakha, aliposikia habari hizi alituma ujumbe: "Kabla hamjatoa hata shilingi, njooni mkae sokoni kwetu siku mbili." Tukachaguliwa watu 6. Tukabeba nguo za baridi, na ndani ya sanduku tukaweka karatasi za mwani tulizozitengeneza jikoni.

Safari ya basi kutoka Mombasa ni ya usiku na mchana, na hatutaisimulia. Mahali pamoja tu patasimuliwa, napo ni Webuye, kwa kuwa tulipofika hapo mwenzetu mmoja aliyewahi kuishi Magharibi alitwambia tutazame upande wa kiwanda.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi mwaka 1974 kandokando ya Mto Nzoia, kikaulisha mji mzima kwa miaka mingi, kikafungwa mwaka 2009, kisha kikauzwa mwaka 2016 kwa wamiliki wengine. Wenyeji waliokuwepo zama zake wanakumbuka mishahara, na wanakumbuka vile vile harufu. Wanakumbuka mabati ya nyumba yaliyokuwa yakiliwa na kutu kabla ya wakati wake, na maji yaliyokuwa yakimwagwa mtoni. Karatasi hutokana na mti, na mti ni kitu chema. Ila kuugeuza mti kuwa karatasi kwataka kemikali kali, moto mwingi na maji mengi. Habari hii ilitukalia sana, kwani mwani nao, viwandani, huchemshwa katika dawa kali jamii ya magadi ili ute wake upate nguvu. Wanaosifu bidhaa za mwani aghalabu hutaja bahari safi na majani mazuri, na husahau kusema maji ya kuchemshia yanamwagwa wapi. Kijijini kwetu yangemwagwa penye mikoko, ambapo samaki huzaliana. Tangu Webuye tulikubaliana kwamba lolote tutakalofanya, tutachemsha kwa maji matupu, hata kama ute utakuwa dhaifu kidogo.

Kutoka Bungoma tulipitia Chwele, penye soko lisiloisha ndizi, vitunguu na kuku, tukapanda kuelekea mpakani. Ardhi ya huko ni nyekundu na imejaa migomba, mahindi na kahawa, na mlima umekaa nyuma ya kila kitu, kichwa chake kikiwa mawinguni. Tulipokewa kwa neno "Mulembe", ambalo ni salamu ya amani ya Wabukusu, nalo husemwa pia ng'ambo na ndugu zao Wamasaba. Tulijibu kwa kiasi cha ulimi wetu. Nyumbani kwa mkwe wetu tulisali, tukalishwa ugali, kuku na mboga za majani, na asubuhi tukateremka sokoni.

Sasa msomaji na afahamu jinsi sheria ilivyo. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa za dukani na za nyumbani. Adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya rambo ikatoweka madukani. Uganda nayo ilitunga katazo lake mwaka 2009, na sheria yake ya mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko yenye unene wa chini ya mikroni 30, lakini katazo hilo halikupata kushika. Huko mfuko huitwa kavera, na kavera bado ipo.

Kwa hiyo daraja la Lwakhakha limekaa kati ya nchi mbili ambazo sheria zake zafanana kwenye karatasi na kutofautiana kwenye meza ya muuzaji. Ng'ambo, mifuko myeusi inaning'inia hadharani. Upande huu, nyanya zimepangwa kwa mafungu juu ya gunia, na mnunuzi akitaka mfuko huulizwa kwa macho kama ni mtu wa kuaminika. Akiaminika, kimfuko chembamba hutoka chini ya kanga. Wakenya wengi hukiita juala. Tulikuwa tumekaa nusu saa tu tukaviona vimepita mara tatu.

Mpaka huu una historia ndefu ya vitu kupita kimyakimya. Mnamo 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuharibu kahawa ya Brazil na bei kupanda duniani kote, kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kuingia Bungoma, na soko dogo la Chepkube likapata jina ambalo wazee bado hulitaja kwa kutikisa kichwa. Wapo waliotajirika kwa msimu mmoja. Yapo mengi ya kusemwa juu ya magendo, na hukumu ya dini yetu juu ya kudanganya inajulikana. Ila mzee aliyetusimulia alisema jambo la maana: kitu huvuka mto kwa sababu upande wa pili kuna pengo lake.

Pengo hilo alitueleza mama mmoja muuza nyanya, ambaye mkwe wetu alimwita "mayi" kwa heshima, yaani mama. Tulimwuliza kwa nini anahatarisha nafsi yake kwa faini ambayo hata akiuza maisha yake yote hataifikia. Akacheka kidogo.

"Mama zangu," akasema, "fungu langu ni shilingi 20. Faida yangu humo ni 5, siku njema 6. Mfuko wa karatasi nauziwa 5. Nikimpa mteja mfuko, nimempa na faida yangu. Kavera ni shilingi 1. Na karatasi hiyo, nyanya moja ikipasuka, mfuko umekwisha kabla hajafika kwake."

"Kikapu je?"

"Anayetoka nyumbani kuja sokoni huja na kikapu. Anayepita tu na bodaboda, kikapu atakitoa wapi?"

Tulinyamaza, maana katika maneno hayo machache hesabu yote ya mradi wetu ilikuwa imewekwa mezani. Tulifungua sanduku hata hivyo.

Karatasi zetu zafanywa hivi, na mama yeyote aliyewahi kupika faluda ya Ramadhani ataelewa mara moja. Agari-agari ile tunayoigandishia maziwa, ambayo wengine huiita chaina grasi, ni ute wa mwani. Ukiimimina nene na kuiacha ipoe, unapata faluda. Ukiimimina nyembamba kwenye sinia na kuiacha siku 2 ikauke, haibaki faluda tena. Unabandua utando unaong'aa kama karatasi ya peremende. Mwani wetu mwembamba wa Kwale hautoi agari-agari bali karagenani, ambayo ni laini zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Tuliuosha kuondoa chumvi na mchanga, tukauchemsha kwa saa kadhaa, tukauchuja kwa kitambaa, tukatia gliserini kidogo ili utando usivunjike kama kigae, tukamimina na kuanika kivulini. Zikatoka karatasi za rangi ya chai hafifu, zenye harufu ndogo ya pwani.

Mama wa nyanya alifunga fungu moja ndani yake. Nyanya zilikuwa zimeoshwa. Kabla hatujamaliza kusalimiana na jirani yake, utando ulikuwa umelainika, ukanata vidoleni, na nyanya mbili zikaanguka. Hilo ndilo tabia ya ute wa mwani: umetoka majini na unatamani kurudi majini. Sifa yake ya kuoza haraka na udhaifu wake wa kulowa ni kitu kimoja, na anayeitaka ya kwanza hana budi kuuchukua wa pili.

Tukavuka daraja. Ng'ambo kuna vijana wanaouza rolex, ambayo si saa bali ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai ya kukaanga, kabichi na nyanya. Huviringishwa katika gazeti, kisha hutiwa ndani ya kavera ikiwa ingali inatoa mvuke. Jambo hilo lilitusumbua kuliko mifuko yote ya nyanya, kwa kuwa mfuko wa plastiki hukaa mtini, lakini wino wa gazeti na joto la plastiki huingia mwilini mwa mtoto. Tulimwomba kijana mmoja aijaribu karatasi yetu. Kwa mvuke ule ilishikamana na chapati hata haikubanduka. Mtoto aliyekuwa akingojea aliuliza kama inalika, tukamwambia inalika, akaila yote pamoja na rolex yake na kuomba nyingine. Kijana akasema kwamba mfungashio unaoliwa ni biashara mbaya kwa mwenye mfungashio lakini nzuri kwa mteja.

Vitu viwili vilifaulu. Cha kwanza ni mandazi yaliyopoa: mafuta hayakupenya hata kidogo, ilhali gazeti la jirani lilikuwa limeshaloa na kuonyesha upande wa pili. Utando wa mwani unashindwa na maji lakini unayazuia mafuta vizuri. Cha pili ni kahawa ya unga. Mama mmoja huikaanga na kuitwanga kahawa ya mlimani na kuiuza kwa vipakiti vidogo vya kupima kwa kijiko. Alizikunja karatasi zetu kama bahasha, akazitia kahawa, akazifunga kwa uzi wa ganda kavu la mgomba. Kipakiti kilipendeza mno.

Huo uzi wa mgomba nao wastahili maneno. Sisi tulikwenda na elimu ya kufundisha, na huku wenyeji wana mgomba ambao hawautupi kitu. Jani bichi hubabuliwa motoni likawa nyororo, likafungia chakula chenye maji, na Waganda hupikia matoke ndani yake kwa mvuke. Ganda kavu la shina hupasuliwa kuwa kamba na vikapu. Kwa kitu chenye unyevu, jani la mgomba linaushinda mwani wetu kwa mbali, nalo halichemshwi wala halina kiwanda. Pwani tulikuwa na pakacha la makuti kwa maembe na samaki, na kikapu cha ukili kwa safari ya sokoni. Pakacha limetoweka kwa sababu wasukaji wamezeeka na hakuna anayewalipa vijana kujifunza. Mnazi wenyewe bado upo.

Usiku, baada ya Isha, tulikaa na mkwe wetu na mumewe tukafanya hesabu. Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma habari za kampuni ya Notpla ya London, iliyoanzishwa na Rodrigo García González na Pierre Paslier. Mwaka 2019, katika mbio ndefu za London, wakimbiaji waligawiwa zaidi ya vimfuko 30,000 vya kinywaji vilivyotengenezwa kwa mwani, wakavimeza au kuvitema, na mwaka 2022 kampuni hiyo ilipata tuzo ya Earthshot. Hutumia mwani wa kahawia wa bahari za baridi, ambao ute wake si kama wa kwetu. Lakini alilolitaja kwa msisitizo ni hili: bidhaa yao kubwa haikuwa mfuko wa sokoni. Ni maboksi ya chakula yaliyopakwa mwani kwa ndani, ili mafuta yasipenye. Indonesia nayo, yenye mwani wa jamii ya ule wetu kuliko nchi yoyote, wamejaribu vifungashio vinavyolika kwa vyakula vikavu na viungo. Kwa hiyo lile ambalo sinia ya mandazi ilituonyesha Lwakhakha, wengine walikuwa wamekwisha kulifikia kwa njia zao.

Kisha ikaja hesabu ya fedha, ambayo twaomba kila mkulima wa mwani aisome mara mbili. Kilo 1 ya mwani mkavu ilitutolea jikoni karatasi 50 hivi. Tukichukulia kilo hiyo ni shilingi 30, basi mwani ulio ndani ya karatasi moja ni senti 60. Gharama iliyobaki, na ndiyo kubwa, ni gesi ya kuchemshia, gliserini, na mikono ya mtu. Maana yake ni kwamba hata tukimlipa mkulima shilingi 60 badala ya 30, karatasi haipandi ila kwa senti 60 nyingine. Mara nyingi wakulima huambiwa kwamba bei yao haina budi kubaki chini ili bidhaa iuzike. Kwa hesabu yetu ya sufuria moja, si kweli. Anayetaka karatasi iwe rahisi na atafute jua na kuni za bei nafuu, asiutazame mkono wa mkulima.

Mkwe wetu aliuliza swali la kina mama: mbona hatufikirii dawa? Maganda ya vidonge vingi na peremende za watoto hufanywa kwa jelatini, na jelatini hutoka katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, nasi hukesha kusoma maandishi madogo ya paketi. Ute wa mwani waweza kushika nafasi hiyo bila shaka yoyote ya uhalali, na zipo kampuni duniani zinazofanya hivyo. Swali ni zuri na tuliliandika. Lakini usafi unaotakiwa katika dawa ni wa maabara, si wa jikoni, na hatukutaka kuvuka mto mwingine kabla ya kukauka miguu.

Basi tuliporejea tulikiambia kikundi yafuatayo. Mifuko ya mwani ya kuuza bara tusiifanye, kwa kuwa mama wa Lwakhakha hawezi kuilipia na nyanya zake zingeiyeyusha. Tufanye karatasi ya kaki iliyopakwa ute wa mwani, ya kufungia mandazi, mahamri na bajia zilizopoa, na tuwauzie kwanza wauzaji wa mitaa yetu wenyewe, ambao leo hufungia magazeti na daftari kuukuu za shule. Mitambo isinunuliwe. Zinunuliwe sufuria 2 kubwa, sinia za kuanikia na mtungi wa gesi, na sehemu ya akiba iliyosalia ilipwe kwa wasukaji wawili wa pakacha wawafundishe mabinti 10. Mwani wa wanachama ununuliwe kwa shilingi 60.

Hili la mwisho ndilo lililoleta mjadala mkali. Wapo waliosema tunaanza kwa ukarimu kabla ya faida. Mwenzetu mmoja, ambaye shamba lake la mwani mnene lilikufa lote kwa joto miaka miwili iliyopita, alisimama na kusema kwamba kilimo hiki kikilipwa 30 yeye hatashuka tena majini, na kwamba kikundi cha mwani kisicho na mkulima ni kikundi cha sufuria. Shilingi 60 ikapita kwa kura. Wanaotaka mifuko hawakushawishika wote, nao wameomba jaribio la kuchanganya mwani na wanga wa muhogo ili ustahimili unyevu. Wameruhusiwa, kwa kilo 5 tu.

Karatasi zote zilizosalia tulimwachia yule mama wa kahawa. Tulimwomba avitundike vipakiti 20 jikoni kwake na vingine 20 dukani, avifungue kimoja kila wiki, na atupigie simu pale unga utakapoanza kushika unyevu. Simu mbili za mwanzo zilikuwa njema. Sasa mvua za masika zimeshika Elgon, na ya tatu haijaja.